Leseni ya Bobini

Mafundi wa kushona walimwita Bobini, kama kile kigurudumu kidogo cha uzi ndani ya cherehani, na jina hilo lilimkaa kama nguo iliyopimwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani, na alizifuata zilipo: vyumbani, vibarazani, nyuma ya maduka ya vitambaa. Mkononi alibeba sanduku la chuma lenye bisibisi, mikanda, sindano na mafuta. Miaka ya kulibeba sanduku lile ilikuwa imemshusha bega moja. Mumewe, enzi wakiwa bado wanataniana, alikuwa akimwambia kwamba akisimama ukutani anafanana na picha iliyotundikwa upande.

Mji ulikuwa ukitanuka. Mafundi wengi walihamia pembezoni ambako kodi ya chumba ina nafuu, na Bobini akajikuta siku yake yote inaishia njiani. Akifika kwa mteja miguu inawaka moto, na bado kuna mwingine anamsubiri upande wa pili wa mji. Akiwa amekaa kwenye ngazi za duka moja, akijikanda kifundo cha mguu, aliona mwanamke wa makamo akipita na pikipiki ndogo, amefunga debe nyuma, hana haraka na mtu. Akamtazama mpaka akapotelea kwenye kona. Jioni ile akalitoa neno.

"Pikipiki?" mumewe akacheka. Alikuwa mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole, asiyependa makelele wala ugomvi. "Wewe? Hata baiskeli hujawahi kupanda."

"Ndiyo maana nitafundishwa."

Aliyemfundisha alikuwa tarishi mstaafu aliyekuwa akichechemea, na wanafunzi wake wote walimwita Mwalimu. Bobini alimweleza ukweli tangu mwanzo: fungu lake ni dogo, na akilimaliza hana jingine.

"Basi anza na kichwa," Mwalimu akamwambia. "Helmeti nunua mpya, ikubane mashavu mpaka uone kero. Pikipiki inaweza kuwa ya mtumba. Kichwa hakina mtumba. Halafu leseni. Watu wananunua chombo kwanza, wakimaliza hela wanaanza kuwakimbia askari. Wewe usiwe kama hao."

Akanunua helmeti nyekundu. Jaketi alilipata kwenye mitumba, zito, la mwanamume. Akalipunguza mikono na kushonea sponji la godoro kwenye viwiko na mabega. Glavu za ngozi alipewa na mchomeleaji vyuma badala ya malipo ya kumtengenezea mkewe cherehani. Alipojitazama kwenye kioo alijicheka mwenyewe, lakini hakuvua upesi.

Mafunzo yalikuwa kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya ghala la mbao. Wapiga randa walikuwa wakiacha kazi ili waje kutazama. Akiachia klachi ghafla, pikipiki ya Mwalimu inaruka kama mbuzi, inazima, na kicheko kinapasuka kutoka ghalani. Siku moja alianguka ubavu, mguu ukabanwa chini ya injini, na mtu mmoja akapiga kelele, "Mama, hicho si kitanda!"

Mwalimu hakucheka wala hakumpa pole. "Ulikuwa unatazama wapi?"

"Kwenye shimo."

"Ukaingia wapi?"

"Shimoni."

"Tazama unakotaka kwenda. Shimo uliache na shida zake."

Alirudi nyumbani na michubuko, akarudi uwanjani tena, mpaka ghala likamzoea na kicheko kikaisha. Akafanya mtihani, akapata leseni. Hapo ndipo Mwalimu alipokwenda naye kutazama pikipiki ya muuguzi mmoja aliyekuwa anahama. Kabla haijawashwa, Mwalimu aliishika injini kuona kama ni baridi, kwa sababu muuzaji mwenye jambo la kuficha huipasha moto mapema. Akalinganisha namba za fremu na za kwenye kadi ya usajili. Akavuta cheni, akazungusha usukani huku na huku. Bobini yeye aliinamisha sikio. Injini ilipiga sawasawa, bila kugonga, na moyo wake ukatulia. Ilikuwa ndogo, rangi imechakaa, kiti kimepasuka; kiti akakishona mwenyewe.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na ni vyema isemwe hivyo, maana baadaye ilikuja kusahauliwa. Sanduku lilifungwa nyuma kwa mpira, bega likapumzika. Alifika kwa wateja ambao zamani aliwaambia hawezi. Alikwenda polepole, akishika kushoto, akiwapisha wenye haraka zao. Usiku hakuendesha, mvua ikinyesha alisimama. Mafundi wakizisikia tuta tuta za injini yake wanaondoa vitambaa mezani, wanasema, "Bobini huyo."

Mumewe hakuwahi kuipanda. Majirani walikuwa wakimtania: "Vipi, mkeo akikubeba unamshika kiunoni?" Yeye alitabasamu tu. Lakini Bobini alimjua. Tabasamu lile lilikuwa la mtu anayemeza dawa chungu mbele ya wageni.

Mwenye hamu na ile pikipiki alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Huyo walimwita Chapchap, kwa sababu kila kitu chake kilikuwa cha haraka: kula, kuoa, kuacha, kuacha kazi, kuomba msamaha. Alikuwa na mdomo mtamu na mama yake alimpenda kupita kiasi.

"Shem, nipe nizunguke kidogo tu."

"Una leseni?"

"Leseni ni karatasi, shem."

"Basi niletee hiyo karatasi."

Maneno hayo yalifika kwa mama mkwe kabla ya jioni, na huko yalinenepa. Ikawa Bobini ana majivuno, Bobini ameota mapembe, chombo kimemtia kiburi. Mumewe akamwambia, "Yule ni mdogo wangu. Ungemjibu kwa upole." Bobini akasema hajui namna ya upole ya kumkatalia mtu asiyetaka kukataliwa. Wakaacha hapo.

Kisha Bobini akashikwa na homa. Alilala mchana kutwa, amejifunika gubigubi, kichwa kinapwita. Katikati ya usingizi alisikia sauti ya Chapchap sebuleni, akasikia mumewe akisema kwa sauti ya chini, "Usichelewe, akiamka sina la kumwambia." Alidhani anaota.

Aliamshwa na mlango wa nyuma. Jua lilikuwa linazama. Chapchap alikuwa amesimama jikoni, helmeti nyekundu bado kichwani, suruali imechanika gotini. Mumewe amekaa kwenye kigoda, amejishika kichwa.

"Pikipiki iko wapi?" Bobini akauliza.

"Shem, alijitokeza tu. Alibeba mzigo wa vitambaa, hatazami..."

"Nani?"

"Mama mmoja. Pale kwenye kona ya maduka ya mapazia."

"Yuko hai?"

Chapchap hakujibu upesi, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Bobini kumwona akichelewa katika jambo. "Alikuwa anapiga kelele," akasema mwishowe. "Kwa hiyo yuko hai."

Alikuwa ameiacha pikipiki barabarani na kukimbia. Namba ilikuwa juu yake, na nyuma ya namba kulikuwa na jina la Bobini. Polisi wangefika wakati wowote. Kabla hawajafika, alifika mama mkwe. Alikuja na kanga moja, viatu hakuvaa, na alipomwona Bobini alipiga magoti sakafuni. Mwanamke yule hakuwahi kumpigia mtu yeyote magoti.

"Mwanangu, nisaidie. Huyu wakimshika, hana leseni, na alikimbia. Wewe leseni unayo. Sema ulikuwa wewe."

"Mama, inuka."

"Siinuki."

Bobini alimgeukia mumewe, akitegemea angalau yeye atasema haiwezekani. Mumewe alikuwa ameinua kichwa. Alizungumza taratibu, kwa ile sauti yake ya kuhesabu mabati.

"Fikiria yule mama aliyeumia. Bima hailipi kama dereva hana leseni. Akitajwa Chapchap, yeye anakwenda ndani, na yule mama hapati kitu. Sisi tutamtibu na nini? Ukiwa wewe, bima inamtibu. Kwako ni faini, mambo yanakwisha."

Hapo ndipo aliponasa. Kama wangemwambia amwokoe Chapchap peke yake, angewafungulia mlango watoke. Lakini mumewe alimjua alipo laini, akambonyeza hapohapo. Bobini alivaa jaketi juu ya homa yake, akaichukua helmeti kutoka kwa shemeji yake. Ndani ilikuwa na joto, na jasho la mtu mwingine.

Kituoni afisa alimtazama kwa muda.

"Watu wanasema dereva alikimbia."

"Niliogopa."

"Wanasema alikuwa mwanamume."

"Nilikuwa na helmeti. Na jaketi hili."

Afisa aliinua macho, akayashusha kwenye karatasi, akayainua tena. Mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma, anasoma tangazo la ukutani. "Mama," afisa akasema, "una hakika?"

"Ndiyo, ni mimi."

Walimwandika. Alilipa faini, leseni ikazuiliwa kwa muda, pikipiki ikabaki kituoni hadi shauri liishe, taa imevunjika na usukani umepinda. Aliyegongwa akafahamika: ni fundi mapazia, mama mtu mzima aliyekuwa na chumba chake cha kushonea karibu na ile kona. Bobini alimjua. Alikuwa amekwisha kumtengenezea cherehani, akanywa chai kwake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika kwenye kiwiko, vipande vipande.

Bobini hakwenda kumwona. Kila siku alijiambia atakwenda, na kila siku akapata sababu. Alimtuma mumewe na matunda, na mumewe alirudi akisema, "Kapokea." Alipoulizwa alisema nini, akajibu, "Hakusema kitu."

Sanduku likarudi mkononi, na bega likaanza tena kushuka. Lakini sasa, pamoja na miguu, kulikuwa na nyuso. Maduka ya vitambaa yote yalikuwa yamesikia. Fundi akimfungulia mlango alikuwa anamtazama usoni, kisha mikononi. Wengine waliona ni sawa kumwambia wazi: umegonga mtu, ukakimbia, na mwenyewe ni fundi mwenzetu? Wengine hawakusema, walitafuta tu mtengenezaji mwingine. Wanaume wa ghala la mbao walisema walijua tangu mwanzo. Mwalimu naye alikuja nyumbani, akachechemea hadi mlangoni, akakataa kuingia.

"Wengi niliowafundisha wameanguka," alisema. "Hakuna aliyemwacha mtu barabarani. Nilitaka nikusikie mwenyewe. Ni kweli?"

Mama mkwe alikuwa sebuleni, anakunja nguo. Aliacha kukunja.

"Ni kweli, Mwalimu," Bobini akasema.

Mzee yule alitikisa kichwa, akageuka, akaenda zake. Mama mkwe akaendelea kukunja nguo.

Kwa muda fulani ukoo ulimpakata. Mama mkwe alimwita "mwanangu" kila baada ya neno. Chapchap alileta sukari, akafagia uwanja bila kutumwa. Kisha shukrani ikapoa, kama inavyopoa chai ya mtu aliyeondoka mezani.

Jumapili moja walikusanyika kwa mama mkwe, ndugu wa karibu na wa mbali. Wengi hawakuujua ukweli. Walioujua walikuwa wanne tu, na wote walikuwepo. Watu walikuwa wameshiba, vijiti mdomoni, mazungumzo yakizunguka. Mjomba mmoja akamuuliza Bobini leseni yake itarudi lini. Kabla hajajibu, Chapchap akadakia.

"Siku ikirudi, shem, tangaza kwanza redioni, watu wabaki majumbani!"

Nyumba nzima ikacheka. Chapchap akanogewa. Akasimama, akaigiza mwanamke juu ya pikipiki, mikono imekakamaa, macho yamemtoka, anapiga mayowe "Nipisheni! Nipisheni!" Watu wakashika mbavu. Mama mkwe aliziba mdomo kwa mkono, lakini mabega yalimtingishika. Bobini akamtazama mumewe. Alikuwa anacheka. Na kilichomuumiza si kicheko chenyewe, ni namna yake: hakucheka kama mtu anayeficha jambo. Alicheka kama mtu aliyekwisha kuliamini.

Alinawa mikono, akachukua kanga yake, akatoka. Mumewe alimfuata hadi njiani.

"Sasa unaondoka hivyo, watu wataelewaje?"

"Ulicheka."

"Ulitaka nifanyeje? Nikinuna peke yangu si wataanza kuuliza?"

"Ulicheka kwa raha."

 Mumewe alisimama pale katikati ya njia, amevaa shati alilopigiwa pasi na mkewe, akatazama nyuma kule kwenye kicheko kana kwamba anaogopa kitamwishia kabla hajarudi. Bobini akaenda mwenyewe.

Kesho yake alikwenda kwa fundi mapazia.

Chumba kilikuwa kilekile. Mapazia ambayo hayakumalizwa yalikuwa yamekunjwa kwenye kona, cherehani imefunikwa shuka. Fundi alikuwa kitini, mkono kwenye plasta, amenyanyua kiwiko juu ya mto. Hakushangaa.

"Kaa, Bobini."

"Fundi, nimekuja kukwambia jambo."

"Kwamba hukuwa wewe."

Bobini alibaki amesimama.

"Aliyenigonga alinitukana kabla hajakimbia," fundi akasema. "Niko chini, mkono umegeukia kusikostahili, nasikia mwanamume ananiuliza kama macho yangu nimeyasahau nyumbani. Halafu naambiwa aliyenigonga ni Bobini. Nikasema sawa, Bobini atakuja, ataniambia. Nikangoja. Ukaleta machungwa."

"Kwa nini hukuwaambia polisi?"

"Walinijia, wao na mtu wa bima, wakaniuliza. Nikaona nikisema mwanamume, wataanza kuchunguza. Mimi nilikuwa na maumivu, uchunguzi ulikuwa wa kazi gani? Nikanyamaza. Kwa hiyo sasa na mimi ni mwongo. Hilo nalo mmeniletea."

"Nitakwenda polisi leo hii. Nitasema yote."

"Useme nini?" Kwa mara ya kwanza sauti ya fundi ilipanda. "Mfupa haukuunga vizuri. Daktari anataka kunifungua tena, aweke chuma. Nani atalipa? Wewe? Huyo mwanamume wako mwenye matusi? Bima wakisikia dereva hakuwa na leseni, wanafunga mkoba wao. Ukienda kusema kweli leo, Bobini, utakuwa umenigonga wewe."

Nje, mtu alikuwa akikokota mkokoteni wenye gurudumu linalolia. Wote wawili walisubiri upite.

"Basi niwe nakuja," Bobini akasema. "Mapazia haya najua kuyamaliza. Nije nikushonee, wateja wako wasikukimbie."

"Waje wakukute hapa? Wewe uliyenivunja mkono? Wataniona mimi ni punguani, au tumelipana kitu." Fundi alifumba macho. "Ulikuwa mtu mzuri. Hilo nalijua. Lakini mimi mkono wangu sikuulizwa. Wewe jina lako uliulizwa, ukalitoa. Sasa nenda. Na mlango urudishie, kuna vumbi."

Bobini aliurudishia mlango. Alitembea mpaka nyumbani bila kujua alipita njia gani. Alihamishia godoro lake kwenye kile chumba kidogo cha vipuri, kati ya vichwa vya cherehani vilivyokufa, na mumewe aliporudi kazini akamkuta anapanga.

"Mpaka lini?" mumewe akauliza.

"Sijui."

"Yule ni mdogo wangu, Bobini. Damu yangu. Ningefanyaje?"

"Na mimi ni nani wako?"

Mumewe alitafuta jibu. Alilitafuta kweli, hilo Bobini alilikubali.  Mwisho akasema chakula kinapoa.

Fundi mapazia alipasuliwa, akawekewa chuma, bima ikalipa. Mkono ulipona kiasi cha kushika kikombe, si kiasi cha kuongoza kitambaa chini ya sindano. Chumba chake alikiachia mtu wa kuuza vocha. Chapchap naye alitulia: mama yake aliuza kabati na kitanda cha mbao akamnunulia pikipiki mpya, inayong'aa, na safari hii akasomeshwa, akapata leseni. Akaanza kubeba abiria. Akimpita Bobini njiani alimpigia honi mbili za heshima na kumwita "Shem!" kwa furaha ya mtu asiye na deni na yeyote.

Leseni ya Bobini ilirudi. Alikwenda kituoni, akaichukua pikipiki yake, akaisukuma hadi kwa fundi wa kunyoosha usukani, akanunua taa ya mtumba. Alipoiwasha ilikubali mara ya kwanza. Mitaa ya katikati, ya maduka ya vitambaa, haikumwita tena, kwa hiyo akaanza kutafuta kazi mbali zaidi, kwenye nyumba mpya ambazo hata rangi hazijapakwa, ambako hakuna anayemjua.

Huko alipata mteja, mwanamke kijana mwenye cherehani ya urithi iliyokuwa inakata nyuzi. Mwanamke yule alifurahi kumwona anashuka kwenye pikipiki. Alimletea maji, akaishika helmeti, akaipima uzito mikononi. Alisema na yeye anataka kujifunza, ila hela ndiyo hana, aanzie wapi? Bobini alimwambia aanze na kichwa, kisha leseni. Walicheka kidogo. Ilikuwa muda mrefu hajacheka na mtu juu ya cherehani.

Kisha yule mwanamke akaitazama tena ile helmeti nyekundu.

"Samahani, dada," akasema. "Usije kuwa ndiwe yule Bobini aliyemgonga fundi mapazia akakimbia?"

Bobini alikuwa ameinama, anavuta uzi kupitia tundu la sindano. Aliuvuta mpaka ukatoka upande wa pili.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Mwanamke akaiweka helmeti mezani, taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga. Akasimama karibu na mlango, akasubiri kazi iishe.